Zamu za Mguu wa Soilihi

Mwaka wa pili wa uhuru, Jumatano asubuhi, Koultoum aliingia dukani mjini Mahajanga kununua bafta ya sanda. Mwenye duka akamuuliza kama maiti ni mtu mzima au mtoto.

"Ni mguu."

"Wa nani?"

"Wa mume wangu. Mwenyewe yuko hospitali, anakunywa uji."

Akakatiwa yadi mbili.

Soilihi alikuwa na saratani ya nadra, ile inayoota ndani ya msuli. Yake iliota pajani. Daktari wa upasuaji alimkata mguu wa kushoto kwenye nyonga, akaeleza kwamba uvimbe ungeletwa ukiwa kama ndimu, angeondoa nyama tu na mguu ungebaki. Uliletwa ukiwa kama nazi. Koultoum aliuzika mguu kando ya kaburi la baba yake mwenyewe, ili usiende popote.

Wiki iliyofuata Fazul, mpishi wa meli za pwani, alipita nyumbani kwa Koultoum, mtaa wa Ampisikina.

"Shemeji, mguu uko kisiwani Nosy Be, kwa mke mwenzio. Umevukia bandari ya Ankify na abiria wengine. Wameutoza nusu nauli."

Koultoum akafunga safari. Alimkuta Ramlati akiukata kucha. Paja lilikuwa zima, halina uvimbe.

"Karibu, dada," alisema Ramlati. "Unaona ulivyopona? Mimi niliushika uvimbe ulipokuwa kama ndimu. Nikamwambia, nenda kwa daktari. Akasema wewe ukijua anaumwa utamkataza kuja huku."

"Nawe ukanyamaza."

"Ungekuwa wewe, ungesema?"

 Koultoum alienda kushtaki kwa fundi Houmadi, mwalimu wa dini. Fundi akaamua kwamba mguu ni sehemu ya mume, kwa hiyo wake wagawane zamu sawasawa.

Tangu hapo mguu ukawa unakwenda na kurudi. Soilihi alibaki Ampisikina. Picha ya eksirei ilionyesha saratani imefika mapafuni, na daktari hakuwa na cha kukata tena.

Zamu ya Koultoum ilipofika, aliulaza mguu kitandani karibu na mwenye mguu. Ulinukia maua ya langilangi ya mashamba ya Nosy Be.

"Wenzetu wanatembea," alisema Soilihi, akaugeuzia mgongo.

Baadaye akageuka tena, akauvuta, akaweka pua pajani.

"Unarudi kule lini?"

"Jumatatu," alisema Koultoum, akaenda kumchemshia dawa ya kikohozi.