Kibofu cha Nguruwe na Midoli Mingine ya Alois

Mume wangu Alois alikuwa mtu safi wa mwili. Alioga hata mwezi wa sita, upepo wa Sumbawanga unapokata masikio na maji yakiachwa nje yanakuwa kama yameudhiwa. Sasa mtu msafi namna hiyo alivyoweza kunijazia chumba kizima uchafu wa watoto wa watu, mpaka leo nikikumbuka mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Alois alikuwa dereva wa lori, na mwaka uliotangulia kazi yake ilikuwa moja: kuhamisha watu kutoka makazi yao ya zamani kwenda vijiji vya ujamaa. Baba anapakia jembe, mama anapakia chungu, kuku wanafungwa miguu, mtoto anarushwa juu kwa mkono mmoja. Wakishapanda wote, Alois anazunguka nyuma ya nyumba kuangalia kilichosahaulika. Kila nyumba ilisahau kitu kilekile. Ng'ombe wa udongo wamepangwa chini ya ukuta, wanasubiri kuchungwa. Mwanasesere wa gunzi amelazwa kivulini, amefunikwa jani. Alois anaviokota, anavitia kwenye gunia, ananiletea.

"Nawatunzia," anasema. "Wakivitaka watavikuta."

Gunia la kwanza nilicheka. La tatu nikamwekea sheria. Rafu moja, nikamwambia, ile mbao ya chumba cha pili, basi. Kitakachoenea kikae. Ukileta kimoja, kimoja kitoke.

"Sawa, Marsiana. Sheria nzuri."

Akaifuata, haki ya Mungu. Kila kilichotoka rafuni kilitoka kweli, kikaingia chini ya kitanda. Chini ya kitanda kulipojaa, akasema sheria haikutaja dirisha. Dirisha likajaa. Mwisho chumba kile kilikuwa na kijia kimoja cha kupita kwa ubavu, na pande zote mbili unatazamwa. Na alivipanga! Hawa wa upande wa Milepa, hawa wa upande wa Kate, kila kundi na kamba yake. Ole wako umhamishe ng'ombe wa Kate umpeleke kwa ng'ombe wa Milepa, Alois atajua kabla hajavua viatu.

Kulikuwa na mtu wa mti, ukivuta kamba anainua jembe na kulishusha. Kulikuwa na mabondia wawili, ukibinya vijiti wanapigana. Hao sikuwachukia sana. Lakini wanasesere wa magunzi walikuwa na nywele, nywele za watu kweli, zimepakwa mafuta ya nyonyo yaliyochacha mpaka yakawa ulimbo, na kila ulimbo una mende wake. Fukusi walitoka kwenye macho yao kwa mstari. Ng'ombe wa udongo waliokandwa na mavi ya ng'ombe wenyewe walikaa kimya kiangazi chote, mvua iliponyesha wakakumbuka walikotoka, wakanuka kama zizi. Panya wakazaliana humo mpaka wakawa na ukoo. Mmoja alikuwa mkubwa hivi kwamba paka wa jirani yetu Atuganile, mama mmoja wa kutoka Mbeya, alimpisha mlangoni. Nilimwona kwa macho yangu: paka kainamisha kichwa, kama anayetoa shikamoo.

Na kulikuwa na kibofu. Kibofu cha nguruwe, watoto walikipuliza kikawa mpira. Ndani yake ilikuwemo pumzi ya mtoto gani sijui, na kila siku ilivuja kidogo. Ukifungua mlango unakutana nayo. Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na pua ya mwenye mimba mnaijua. Nilikuwa natapika nikiwa barabarani, kabla hata sijaiona nyumba.

Basi mama yangu mzazi, Bertilla, akapanda kutoka Mtowisa, kule bondeni, kuja kunisubiria uzazi. Alikuja na mchele, mkeka na mdomo wake. Tukamtandikia chumba cha pili, kwa sababu hakukuwa na cha tatu.

Asubuhi alitoka kajifunga khanga puani. Kwenye nywele zake kulikuwa na nywele za mtu mwingine.

"Marsiana, jana nimelala na nani?"

"Peke yako, mama."

"Mwongo. Kuna kitu kimenipumulia shingoni mpaka kumekucha. Na harufu yake naijua, ni ya kinywa cha mgonjwa."

Nikamweleza.

"Jumapili," akasema. "Jumapili nikitoka kanisani chumba kiwe cheupe. La sivyo tunateremka wote Mtowisa. Utajifungulia kwetu, na mtoto atakaa kwetu."

Niliogopa. Si kwa joto la bondeni wala mbu. Mama yangu akishika mtoto hamwachii. Dada yangu alijifungulia pale, akaambiwa mtoto apate nguvu kwanza. Alipata nguvu miaka kumi na minne, akarudi kwa baba yake ana ndevu zinachungulia. Wangu wa kwanza huyu niende nikamzalie watu wengine? Sikutaka.

Nikamwambia Alois. Akakuna shingo. "Nitavipunguza mwenyewe, taratibu."

"Utaingiaje?"

Chumba ameshalala mama mkwe, na mkwe haingii anakolala mkwe wake, hata nyumba ikiwaka. Ikawa mimi na mama ndio tunatoa, yeye kasimama nje ya dirisha, uso kaugeuzia ukuta kwa heshima, anatoa amri.

"Huyo wa mguu mmoja, mshike kiuno! Wa Kate kwanza! Mama, shikamoo, samahani, hao usiwatupe, wataumia."

"Marahaba, baba. Wataumia?" Mama alikuwa kashika mwanasesere kwa ncha za vidole viwili, fukusi wanamdondokea miguuni. "Huyu? Huyu alishazikwa, wewe ukamfukua."

Nikatapika kwenye ndoo. Magunia yakafika saba. Alois akayatazama, nikajua akili yake imeshakwenda kwenye banda la kuku.

"Hapana," nikamwambia. "Ulisema unawatunzia. Wenyewe wako wapi?"

"Wako vijijini."

"Si unapeleka mabati ya shule huko kesho? Wapelekee."

Uso wake ukang'aa mpaka nikamwonea huruma. Alikuwa ameingoja siku hiyo, nadhani, ila hakuwahi kuambiwa kwamba inaweza kufika.

Mama akasema naye anakwenda, aone kwa macho yake yakishuka. Na mimi nikaenda, kwa sababu mkwe na mkwe hawawezi kukaa paja kwa paja, lazima mtu awe katikati. Nikakaa katikati na tumbo langu, barabara ya matope, gia inanigonga goti. Mabati chini, turubai juu yake, magunia juu ya turubai, na juu kabisa mkeka wa mama, kwa sababu alikuwa hajaamua bado.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, upande wa Kate, nyumba zimenyooka kama darasa. Alois akafurahi, akapiga honi mara tatu.

Honi ile ndiyo iliyotuponza. Wanawake wakaacha kutwanga. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Lori limerudi!" Sijawahi kuona watu wepesi namna ile. Kabla Alois hajazima injini, vyungu viko nje. Kabla hajafungua mlango, vitanda viko nje. Kuku walikuwa wamejifunga miguu wenyewe. Mtu mmoja aling'oa mlango wake na bawaba, mwingine akatupa nguruwe dirishani kwa mama yangu, amshikie mara moja. Nguruwe akamkojolea mapajani, mkojo ukachuruzika mpaka kwangu, wa moto. Nikatapika tena, safari hii juu ya usukani.

Mzee Polikarp, mwenye nyumba ya kwanza, alikuwa amekwisha kupakia kitanda chake juu ya magunia yetu, akakikalia.

"Baba, shikamoo," Alois akamwita kutoka chini. "Shuka, baba. Leo hatuhamishi mtu."

"Marahaba. Mwaka jana ulisema tunakwenda hapa karibu tu."

"Leo kweli hatuendi popote!"

"Vizuri. Nitakuwa nimekaa hapa mpaka tufike huko popote. Mwaka jana nilichelewa kupanda, kitanda changu kikabaki. Hiki ni cha kuazima."

"Baba, nimeleta mabati."

"Na yule mama mzee mwenye nguruwe? Na huyo mwenye mimba? Na mkeka? Mabati yana mkeka?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

Watu wakaguna wote kwa pamoja. "Jamani," mwanamke mmoja akasema, "amemhamisha hata mkwe wake!"

Tungelala pale. Aliyetuokoa ni mama. Alishuka na nguruwe kwapani, akavuta gunia moja kwa kamba, likaanguka, likapasuka. Harufu ikatoka yenyewe, ikasimama katikati ya kijiji. Watu wakarudi nyuma hatua tano.

"Hamhamishwi!" mama akapaza sauti. "Amekuja kuwarudishia uchafu wenu! Kila mtu achukue wake!"

Wakasogea, pua wameziba. Mwanamke mmoja akakigeuza kibofu kwa kijiti. Kikatoa pumzi yake ya mwisho, pfff, miguuni kwake.

"Huyu ni nguruwe wetu wa Pasaka ya mwaka juzi!" akalia. "Nguruwe tumemla, tumemsahau, wewe umekaa na kibofu chake? Mtu mzima? Nyumbani kwako, unakolala?"

"Nilikuwa nawatunzia watoto," Alois akasema.

"Unawatunzia mkojo?"

Watoto walikuwa wamejipanga pembeni. Alois akamchukua yule mtu wa mti mwenye jembe, akavuta kamba. Jembe likapanda, likashuka. Akawanyooshea. Hakuna aliyepokea. Msichana mmoja akajificha nyuma ya mwenzake, akasema, "Kinanuka. Na sisi tunavyo vipya."

Vipya vyao vilikuwa nyuma ya ghala. Alois akaenda kuona, nami nikamfuata nikijifuta. Chini walikuwa wamejenga kijiji kizima cha udongo, na katikati yake lori la udongo, refu kama mkono, magurudumu ya vizibo. Mtoto mmoja, Flavian, wa miaka kama minane, hakutuona. Alikuwa anacheza. Alijitia matambara tumboni apate kitambi, akaweka mkono kiunoni kama Alois anavyoweka, akapita kati ya wenzake akiwapiga mabegani.

"Haraka, haraka! Acha hiyo! Utatengeneza nyingine! Panda!"

Wenzake wakajidai kulia, wakapanda kwenye gogo. Halafu wakashuka wakicheka, wakagombania zamu. Wote walitaka kuwa dereva.

Alois akainama juu ya lori lile. Nyuma ya usukani kulikuwa na mtu wa udongo mwenye masikio makubwa kama ya Alois. Uso wote ulikuwa mdomo, umetobolewa kwa kidole gumba mpaka kisogoni.

"Huyu nani?"

Flavian akamwona, tambara likamdondoka. "Dereva."

"Mbona mdomo uko wazi hivi?"

"Ndivyo anavyokuwa akitupakia."

Nilimtazama mume wangu nikaona kinyaa kimemshika. Si cha kibofu. Mashavu yake yalivimba kama yangu yalivyovimba wiki nzima ile. Akatembea mpaka nyuma ya ghala, nikamsikia anatapika, yeye ambaye miezi kumi alikula ugali mlangoni pa chumba kile bila kukunja uso.

Ulikuwa mwezi wa nne, wanawake wako mashambani wanajenga yale matuta yetu ya duara, wanafunika majani na magugu yaoze yawe mbolea. Alois akaazima jembe. Hakuomba msaada. Alibeba magunia yote saba, akayamwaga kwenye majani, wa Kate na wa Milepa pamoja, mabondia juu ya ng'ombe, nywele, kibofu, na yule mwenye jembe, akawafukia. Tuta lilikuwa kubwa, mzee Polikarp aliliona vizuri kutoka kitandani kwake, maana alikuwa hajashuka. Alishuka mabati yalipokwisha kupakuliwa na alipohakikishiwa kwamba chini yake hakuna kitu tena.

Kabla hatujaondoka Alois alimwomba Flavian lile lori.

"Chukua tu," mtoto akasema. "Nitatengeneza lingine."

Njia nzima mama alisema kwa niaba ya wote watatu.

Mama alisugua chumba kile kwa majivu na maji ya moto siku mbili. Jumapili akatoka kanisani, akasimama mlangoni, akavuta hewa mpaka khanga ikamkaza. Kisha akautoa mkeka wake kwenye lori, akautandika. Nilijifungua humo humo mwezi wa sita, mtoto wa kike, upepo unapiga bati, na mama aliporudi Mtowisa alirudi mikono mitupu.

Rafuni ulibaki mdoli mmoja tu, lile lori na dereva wake ndani. Alois hakuokota kingine tena maisha yake yote, hata kizibo. Lakini hilo hakukubali litoke, nami nililichukia kuliko magunia saba. Kila nikiingia kumlaza mtoto, mdomo ule unanitazama. Nilisema mara moja tu, "Litupe." Akasema, "Hilo ni langu." Sikurudia.

Mtoto alipotimiza miezi minane alisimama kwa kushika rafu. Nikamsikia anatafuna. Nikamtanua mdomo, nikaingiza kidole, nikamtoa baba yake vipande vitatu, mate na udongo na sikio moja. Alois alikuwa amesimama mlangoni. Akaangalia mkono wangu unaochuruzika, akaangalia mtoto anayelamba midomo kutafuta zaidi.

"Kameza kichwa?" akauliza.

"Nusu."

"Mwache," akasema. "Kitatoka kesho." Akaenda kuleta kitambaa, akapiga magoti, akaanza kumfuta.