Skrini ya Kumwonea Mama

Daktari wa macho alikuwa amesema nuru iliyobaki haitakaa sana, ndiyo maana binti akamshika baba yake mkono wakaingia duka la vifaa vya picha. Alitaka skrini ya bei nafuu, baba amwone tena mama, kabla giza halijafunga. Wiki iliyopita walimulika picha yake ukutani sebuleni, uso wa marehemu ukaangukia doa la unyevu, baba akasema haoni vizuri. Lawama zote wakautupia ukuta.

Muuzaji alisimamisha skrini mbili. "Hii ina chenga za kioo, dada. Inang'aa, ila ukikaa pembeni huambulii kitu. Ile nyeupe ya kawaida haing'ai sana, lakini ni rahisi, na kila aliyemo chumbani anaona."

"Tupo wawili tu," alisema baba, "na huyu ananiganda kama kupe. Tuanze na hiyo rahisi."

Muuzaji akacheka, akazima taa. Binti akatoa mkobani slaidi ya picha ya mama, akaitumbukiza kwenye projekta ya dukani.

Baba alikuwa mpiga picha maisha yake yote. Tangu binti akiwa mdogo alimfundisha kwamba slaidi huingizwa kichwa chini ili picha itoke wima. "Mpindue mama yako," alikuwa akimtania, "atasimama mwenyewe." Leo binti alisahau. Mama akatokea miguu juu, gauni limeelekea darini.

Binti akangoja kukaripiwa. Baba huyu, picha ikipinda kidogo tu, usingizi ulikuwa haumjii.

"Aa, hapo sawa, mwanangu," alisema baba taratibu, ameyakodoa macho. "Mwone alivyosimama. Wima kama mlingoti! Siku ile nilimbembeleza nimpige picha mpaka jua likataka kuzama."

Muuzaji akafumbua mdomo. Binti akaweka kidole midomoni mwake kumnyamazisha, na yule akainamia waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Tujaribu ile ya kung'aa, baba?"

"Ya nini kujitia hasara? Namwona vizuri."

Binti akaichomoa slaidi polepole, akaigeuza, akairudisha. Mama akasimama. Uso wa baba haukubadilika.

"Tunachukua hii," binti alimwambia muuzaji.

Baba akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwanawe.

"Na hii, hata aliye pembeni anaona?"

"Anaona, baba."

"Basi nyumbani utakaa hapa ubavuni mwangu," alisema, "uwe unanisimulia."