Nafasi ya Marehemu

Alhamisi moja ya Julai 1976, saa nane mchana, Mwalimu Philomena alikaa kwenye meza ya kulia, akakata karatasi ya daftari vipande sita kwa wembe. Kimoja akakiandika MUUAJI, kimoja MPELELEZI, kimoja MAREHEMU, na vitatu vilivyobaki SHAHIDI. Kalamu nyekundu alikuwa nayo, maana ni mwalimu, lakini alitumia ya bluu ili wageni wasishtuke. Kisha akavikunja sawasawa, akavitia kwenye kofia ya mumewe.

Mchezo huo aliupata kwenye kozi ya elimu ya watu wazima. Watu huja wawili wawili, mume na mke, kila mmoja huokota karatasi na kuificha. Marehemu hulala chini, mpelelezi huuliza maswali, muuaji hudanganya, na mwishoni kila mtu humtaja anayemshuku kabla karatasi hazijafunguliwa. Athanasi, mumewe, ambaye alikuwa Katibu Kata, aliupenda tangu aliposimuliwa. Jumamosi alikuwa anakuja Ndugu Selestini kutoka wilayani Bariadi, pamoja na mkewe Eufrasia, na Ndugu Selestini ndiye aliyekuwa akiwapima makatibu ajue nani apewe tarafa. Kata nyingine zilishamchezea ngoma hadi amechoka. Mume na mke wa tatu walikuwa Mustapha mwenye duka na Bimdogo, walioalikwa kwa sababu ni watu wema, na pia kwa sababu sukari ilikuwa kwao.

Tatizo lilikuwa moja tu. Hakuna aliyekubali kufa.

"Mwalimu, mimi nilale nifunikwe shuka, watu wanizunguke?" Bimdogo alisema. "Huo ni uchuro."

Mustapha alisema yuko tayari kuwa muuaji hata mwaka mzima, lakini marehemu hapana. Eufrasia, alipopelekewa habari kwa mkono wa dereva, alijibu kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa, wasimchurie. Athanasi alisema kiongozi hawezi kulala chini mbele ya mkubwa wake, ingawa wapo wengi waliokwisha kulala na wakapanda vyeo. Philomena mwenyewe alikuwa na mimba ya pili, ya miezi mitano; Marcelo, wa kwanza, alikuwa kwa bibi yake. Kukitoa kabisa kile kipande kusingewezekana, maana muuaji bila marehemu ni mtu tu aliyekuja kunywa chai.

Saa tisa mlango wa jikoni ulisukumwa, akaingia Nyanjige, shangazi yake Athanasi, aliyekuwa amekufa tangu Oktoba ya mwaka juzi.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, shangazi. Karibu."

Nyanjige akavuta kigoda, akasogeza ungo wa karanga, akaanza kumenya. Alikuwa amejifunga kanga yake ya siku ile ya mwisho, na nyingine ameizungusha shingoni, pale panga lilipopita. Macho yake yalikuwa meupe. Alipokuwa hai yalikuwa mekundu, kwa sababu alipikia kinyesi cha ng'ombe na vijiti vya pamba kwa miaka hamsini, na watu waliyasema sana macho hayo, kwamba ni ya mchawi. Huko aliko hakuna anayepika.

"Nimesikia mnatafuta mtu wa kufa," alisema. "Nitalala mimi. Nimeshazoea."

Philomena akashukuru. Alikitoa kipande cha MAREHEMU kofiani, akampa mkononi, akakata kingine cha SHAHIDI kujaza idadi. Kisha, kwa kuwa walikuwa wawili tu, akauliza jambo alilotaka kuuliza kwa karibu miaka miwili.

"Shangazi, nani alikuua?"

Oktoba ile kata nzima ilikuwa imehamia kijiji kipya kwa amri ya serikali, isipokuwa Nyanjige. Nyumba yake ilibaki peke yake uwandani kama jino la mwisho kinywani, na Athanasi hakuweza kuandika kwamba amemaliza kuhamisha watu. Usiku mmoja watu wasiojulikana wakamkata panga. Ikasemwa ni mambo ya uchawi, na kesho yake Athanasi akapeleka taarifa kwamba kata imekamilika. Alfajiri hiyo, Philomena alikumbuka, mumewe alifua suruali yake mwenyewe. Athanasi hakuwahi kufua hata leso, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Hilo ndilo alilokuwa nalo, suruali iliyoanikwa kabla ya jua kutoka. Kama ni yeye, basi Marcelo na huyu aliye tumboni ni watoto wa muuaji. Kama si yeye, amemdhania vibaya mtu mwema kwa muda wote huo. Alitaka kujua na aliogopa kujua.

"Tungoje Jumamosi," Nyanjige alisema. "Ukijua mapema utaharibu mchezo."

Athanasi alirudi jioni, akaambiwa marehemu amepatikana. Aliingia jikoni, akamwamkia shangazi yake, kisha akamwita mkewe chumbani.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

Athanasi alionelea wacheze karata tu. Philomena akamkumbusha kwamba Ndugu Selestini ameshaambiwa habari za mchezo na ameshafurahi. Basi Athanasi akaichukua karatasi ya sheria za mchezo, na chini ya sheria ya saba akaandika ya nane, kwa mwandiko wake wa ofisini: Marehemu haruhusiwi kusema. Akaipigia mistari miwili. Siku mbili zilizofuata hakumaliza ugali wake.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni karabai iliwashwa. Palikuwa na michembe ya viazi vitamu na karanga, chai ya maziwa, na samaki wa Nassa aliyeletwa na Ndugu Selestini. Wageni walimsalimia marehemu kila mmoja kwa namna yake. Bimdogo alimpa pole ya muda mrefu, kwa kuwa wakati wa msiba alikuwa safarini. Nyanjige akajinyoosha juu ya mkeka katikati ya chumba, akajifunika shuka.

"Huyu mama analala vizuri," Eufrasia alisema, na wote wakakubali.

Kofia ikazungushwa. Ndugu Selestini akapata MPELELEZI, na hapo kofia ilionyesha adabu. Sheria ya tano ilisema muuaji anaweza kumdanganya kila mtu isipokuwa mwenzi wake, kwa hiyo Philomena alimwinamia mumewe, akauliza kwa sauti ya chini.

"Baba Marcelo, ni wewe?"

Athanasi akafunua kiganja. Karatasi ilisema SHAHIDI. "Si unaona," alisema. Mkono ulikuwa umelowa jasho, na wino wa bluu ulikuwa umeanza kutapakaa. Philomena aliisoma karatasi, kisha akautazama uso, na uso haukuwa na sheria ya kuulazimisha.

Ndugu Selestini aliuliza maswali kwa robo saa. Alimuuliza Mustapha alikuwa wapi usiku wa tukio, Mustapha akasema dukani, kisha akasema msikitini. Hatimaye mpelelezi akachoka.

"Tunazunguka nini? Mwenyewe si huyu hapa chini?"

Athanasi akamwonyesha sheria ya nane.

"Ndugu Katibu, mimi natoka wilayani," Ndugu Selestini alisema. "Hiyo ya nane nimeifuta." Akainama. "Mama, nani amekuua?"

Nyanjige akateremsha shuka mpaka kidevuni, akanyoosha kidole.

"Huyu. Mtoto wa kaka yangu."

Mtoto akageuka tumboni mwa Philomena. Sasa alijua. Iliuma kuliko alivyotazamia, lakini alikaa wima, akangoja wanaume wasimame.

Hawakusimama. Ndugu Selestini aliandika katika kijitabu chake, akasema sasa kila mtu ataje wake. Yeye akamtaja Athanasi, na Eufrasia akamfuata mumewe. Mustapha naye akamtaja Athanasi. Bimdogo akamtaja Mustapha, akaeleza kwamba tangu aokote karatasi hajamtazama usoni. Athanasi akamtaja Bimdogo.

"Athanasi," Philomena alisema. Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Karatasi zikafunguliwa. MUUAJI alikuwa Mustapha. Watu wakacheka kwa pumzi walizokuwa wamezizuia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mustapha alisema, akimtazama mkewe, na Bimdogo akapewa zawadi ya aliyepatia, kilo moja ya sukari kutoka dukani kwake mwenyewe.

"Lakini marehemu amesema," Philomena alisema.

"Marehemu hakusoma karatasi, Mwalimu," Ndugu Selestini alimjibu kwa upole. "Mchezo unakwenda kwa karatasi."

Mustapha, ambaye ni mtu wa haki, alithibitisha kwamba kweli karatasi alikuwa nayo yeye. Nyanjige akaomba ashikwe mkono ainuke, kiuno kilikuwa kimekaza.

Wakati wa kuagana Ndugu Selestini aliushika mkono wa Athanasi kwa muda mrefu. "Mtu anatajwa na marehemu mbele ya mkewe asitikisike," alisema. "Huyo tarafa ataiweza." Barua, alisema, itatoka mwisho wa mwezi.

Athanasi akatoka na tochi kuwasindikiza mpaka kwenye gari. Philomena alifunga mlango, akasukuma komeo, akabaki amesimama hapo. Nyuma yake Nyanjige alikuwa akikunja mkeka. Gari likaondoka. Hatua za mtu mmoja zikarudi mpaka barazani.

"Hodi, Mama Marcelo. Nifungulie, ni mimi."

Ilikuwa sauti laini, yenye uchovu kidogo, sauti ya mtu aliyefika kwake.

"Na mimi aliniita hivyo hivyo," Nyanjige alisema, bila kuinua uso. "Shangazi, nifungulie, ni mimi. Wale wenzake walikaa kimya nyuma yake. Nikafungua, maana nilimjua."

Philomena aliweka mkono juu ya komeo. Kwao Kiloleli kulikuwa mbali, nyumba ilikuwa ya serikali, na kesho ilikuwa Jumapili, watu watawatazamia kanisani. Naye alimjua. Akavuta komeo.

Athanasi akaingia, akamwamkia shangazi yake, akauliza kama chai imebaki. Ilikuwa imebaki.