Ukurasa wa Nne

1.

ANATAFUTWA. Deo Bashige, miaka ishirini na sita, mrefu, ana kovu kidevuni, mwenye utani kupindukia. Alionekana mara ya mwisho sokoni Kashenyi, siku daraja lilipofungwa kwa vita. Anatafutwa na dada yake Generoza, ambaye nyumbani huitwa Kitunguu.

(*Mwangaza wa Milima*, toleo la 208, ukurasa wa nne)

2.

Generoza huyo ndiye mhariri wa gazeti lenyewe. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu alijaribu, na mimi simlaumu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa vita. Kila Jumamosi jeshi letu lilishinda, na kila Jumamosi mizinga ilisikika karibu zaidi. Wa pili ulikuwa wa hotuba, wa tatu wa kuifafanua hotuba. Nani asome upuuzi huo? Watu walifungua moja kwa moja ukurasa wa nne, wa kutafutana.

3.

Namna gazeti lilivyovuka mto:

a) Mzee Lwaboshi, mpiga chapa, anapanga herufi moja moja kwa mkono.

b) Mama Sifa, muuza dagaa, anachukua rundo la nakala, ati za kufungia.

c) Askari wa upande huu wa daraja anaonja dagaa, anampisha.

d) Askari wa upande ule naye anaonja dagaa.

e) Ng'ambo, upande wa waasi, watu wanakung'uta dagaa na kusoma karatasi.

"Siku hizi hawaniulizi kama dagaa ni wabichi au wakavu," alisema Mama Sifa. "Wananiuliza, 'Mama, umefungia ukurasa upi?'"

4.

WARAKA WA SERIKALI KWA WAHARIRI WOTE WA JIMBO

Kuanzia leo, kila tangazo la mtu aliyepatikana litataja (i) jina kamili na (ii) mahali alipo. Tangazo lisilotaja mahali litahesabiwa kuwa ujumbe wa siri kwa adui. Gazeti litakalokaidi litafungwa.

Umetolewa kwa utekelezaji.

5.

WAMEPATIKANA, WAKO SALAMA. Kiwanda cha chai, Mulamba. Majina arobaini na moja. (Toleo la 213)

"Yaweke yote," Generoza alimwambia Lwaboshi. "Mama zao wayasome."

Alifurahi siku ile, jamani. Alifurahi mpaka akanunua maandazi ya ofisi nzima, yaani yeye na Lwaboshi.

6.

Jumanne.

7.

Sasa msikilize mwanamke aliyetoka Mulamba. Mimi nanyamaza.

"Walikuja na karatasi. Ina mafuta ya dagaa. Wakatupanga uani, mmoja akawa anasoma majina kama mwalimu anavyoita darasani. Mtu akisita, anaambiwa, umo, namba kumi na saba, pita mbele. Mimi nilifika kiwandani baada ya gazeti kutoka. Simo. Walipomaliza kusoma nilikuwa nimebaki mimi na ukuta, nao wakaniambia nenda nyumbani, wewe hukuitwa. Nyumbani wapi, mama? Nyumbani…"

8.

"Ni mimi niliyewaua," alisema Generoza.

"Si wewe, mama mhariri. Ni waraka."

"Waraka haukupanga herufi."

"Basi herufi nilizipanga mimi," alisema Lwaboshi.

9.

Ofisi hii ya Serikali imesikitishwa na tukio la Mulamba. Kipengele (ii), kuhusu mahali, kinabaki kama kilivyo.

10.

Toleo la 214 halikutaja mahali popote. Ofisi ikatiwa lakiri. Generoza na Lwaboshi walikuwa wamekwisha kuhamisha mtambo, vipande vipande, ndani ya magunia ya makaa. Serikali ikawatafuta, na waasi wa ng'ambo wakawatafuta. Waliuhamishia wapi? Ah, msomaji wangu. Tumekwisha kujifunza.

11.

Mama Sifa alileta kikaratasi, kimeandikwa kwa herufi kubwa kubwa, mwandiko wa mtu yeyote.

*Kitunguu, ni mimi Deo. Niko hai. Jibu kwenye ukurasa wa nne. Sema uko wapi, nije.*

Miezi saba bila neno! Generoza alikimbia mpaka mlangoni, bila kujua anakimbilia wapi, akarudi, akaketi. Nani analijua jina la Kitunguu? Marehemu mama. Deo. Na kila mtu aliyekula dagaa tangu toleo la 208.

"Nani alikupa?"

"Mteja wangu, mwanangu. Naye alipewa."

12.

KWA ANAYEJIITA DEO: sufuria ya mama iliungua siku ile ukipika nini? (Toleo la 216)

13.

Watu wakaiga. Ukurasa wote ukawa maswali.

KWA ANAYEJIITA BABA MAPENDO: yule mbuzi wetu kilema tulimwitaje?

KWA ANAYESEMA NI FURAHA: mto ulipozichukua kandambili zangu, wewe ulinivika nini?

KWA MUME WANGU: usinijibu ulipo. Nijibu kama bado unakoroma.

14.

Jibu lilirudi limefungiwa chumvi.

*Sikuwa napika. Nilikuwa nachemsha raba zangu ziwe nyeupe.*

Generoza alicheka hadi machozi yakamtoka. Zile raba! Mama alizifukuza kwa mwiko uani, na Deo amezivaa! Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu, na kicheko kikamkauka.

"Mwandiko ni wake?" aliuliza Lwaboshi.

"Ni wake."

"Basi yu hai! Mungu mkubwa!"

"Yu hai. Lakini hakutania, mzee. Deo alimtania hata mchimba kaburi la mama. Hajapata kunijibu neno bila kunichokoza."

"Labda njaa. Labda amekua."

"Labda. Au labda kuna mtu amesimama nyuma yake akisoma anachoandika."

Lwaboshi alikuna kichwa. Akakipindua kikaratasi kutazama nyuma yake.

15.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mama Sifa amekwisha kupanga dagaa, anangoja karatasi tu; daraja linafungwa saa tano. Ukurasa wa nne umejaa, isipokuwa pembe moja chini kulia.

"Usipomjibu, atafikiri umekufa," alisema Mama Sifa.

"Najua."

"Na ukimjibu…"

"Najua, mama!"

Generoza akasimama kando ya Lwaboshi, akamtajia neno kwa neno, naye akawa anapanga.

"Neno linalofuata, mama mhariri?"

16.

KWA DEO. Jibu ni sahihi. Sufuria bado ninayo. Mimi ni mzima. Niko…