Simu Iliyolia Ghorofani

Barua ya onyo ilitua mezani kwa mpokea simu kabla hajavua koti: eti anamrushia bosi wateja kwa makusudi. Miaka kumi na miwili kazini, leo kageuka mtoto mtundu.

Jana fundi aliunganisha kompyuta na simu za mtandao. Ukibofya namba ya mteja, simu yako inalia, unainyanyua, nayo inampigia mteja. Simu ya mama huyu ilitulia kama maji mtungini. Iliyolia kutwa ni ya bosi, ghorofani.

Akapanda na barua mkononi. “Bosi, shuka ukalie kiti changu.”

“Una kiburi, mama.”

“Kiburi nitakiombea radhi baadaye. Wewe bofya tu.”

Bosi akashuka, akabofya. Juu ofisini kwake simu ikalia, wote wakaisikia.

Fundi, shemeji yake bosi, akaitwa, akakuna kichwa. Akakiri: ili amalize upesi, alinakili mipangilio ya simu ya bosi kwenye kompyuta zote mbili, ya bosi na ya mama.

“Basi yaishe,” bosi akasema. “Kosa lenyewe dogo.”

“Likiwa la shemeji ni dogo. Likiwa langu linapigwa muhuri.” Akamsogezea kalamu. “Andika barua ya kuifuta hii, bosi. Nasubiri hapa hapa.”