Kama Ulivyotukabidhi

Garth Lidgard ana maduka kumi na moja Mtaa wa Albert. Mimi nina kinyongo kimoja tu, lakini kimenitosha. Waliosema kusahau ni dawa hawakumzika Alwyn wangu.

Alwyn Pascoe, mume wangu, alikuwa fundi viatu. Miaka thelathini na moja alikaa duka namba kumi na nne, akishona soli za nusu ya watu wa Dunmorra, mji wetu mdogo wa Australia. Mzee Lidgard alipofariki, mwanawe Garth akarithi upande mzima wa mtaa, na akili yake ikawa moja: aiuzie kampuni kubwa ya maduka, na kampuni za namna hiyo hupenda majengo matupu. Akawatoa wapangaji mmoja mmoja. Jina la Alwyn lilikuwa limeandikwa ukutani kando ya mlango kwa herufi za bluu. Garth alilipaka rangi ya kijivu kabla hata hatujamaliza kutoa mashine. Alwyn alisimama barabarani na nyundo mkononi, akatazama. Mwaka wa pili alifia kwenye gereji yetu, juu ya kiti cha plastiki. Daktari alisema ni moyo. Mimi nasema ni ile rangi.

Hiyo kampuni kubwa haikuja. Mtaa wa Albert ukabaki mbao madirishani na njiwa darini, na watu wakawa wanapita na magari yao bila kugeuza shingo.

Ndipo halmashauri ikaita mkutano, kila mtu na sahani yake ya vitafunwa. Watu waliongea sana kuhusu kufufua katikati ya mji, na kila aliyeongea alimaanisha mtu mwingine ndiye afufue. Nikasimama.

"Tumwombe Garth maduka," nikasema. "Atuazime bure, tusafishe, tufanye kazi zetu humo. Akiyataka, tunatoka."

Despina Kolovos, mjane mwenzangu, akanivuta sketi. Yeye marehemu mumewe alimwachia sinema iliyofungwa, ng'ambo ya barabara.

"Wewe Noreen, umerogwa? Umsafishie nyumba yule nyoka?"

"Niache."

Nitasema kweli, sikuwa na hila yoyote siku ile. Nilitaka tu kuingia tena namba kumi na nne, nisimame pale alipokuwa akisimama.

Nikaoka keki ya matunda, nikampelekea Garth. Alikula vipande viwili, akakubali, kwa sababu majengo matupu yalikuwa yanavunjwa vioo kila wiki. Lakini akatoa ile fomu ya mawakala wa nyumba, ambayo kila mpangaji wa nchi hii anaijua: kila ukuta upigwe picha, kila kilichomo kiandikwe, kila ukurasa usainiwe. Ukitakiwa kuondoka, unapewa siku thelathini, na unarudisha jengo katika hali uliyokabidhiwa.

"Na msinitupie kitu hata kimoja," akasema, makombo yakiwa mdomoni. "Hata magazeti ya madirishani. Nawajua nyie watu wa kujitolea. Mnakuja na fagio, mnaondoka na milango."

Basi tukatii. Kila Jumamosi watu arobaini, hamsini, walikuja na ndoo na ngazi zao, mmoja akichoma soseji kwenye kona kama ilivyo desturi. Mbao, magazeti, makabati yaliyooza, vyote tulivihifadhi kwenye sinema ya Despina, na kila rundo tuliliandika namba ya duka lake.

"Hata kinyesi cha njiwa?" aliuliza Mjomba Merv. Mzee huyu ni wa ukoo uliokuwepo hapa kabla mtaa haujawa mtaa, na mji mzima humwita Mjomba.

"Kipo kwenye fomu, Mjomba. Ukurasa wa sita."

"Ama kweli nyie na karatasi zenu!" Akacheka hadi akakaa juu ya ndoo. Tukakitia kwenye magunia.

Mjomba Merv ndiye aliyekwangua ukuta wa namba kumi na nne. Jumamosi moja aliniita kwa sauti ya chini. Chini ya rangi ya kijivu ilikuwa imetokea P, halafu A. Nilimaliza kukwangua mwenyewe, kwa kucha palipobidi, nikalia mbele ya watu bila aibu.

Miaka miwili mtaa ulipumua. Mkate wa moto, masomo ya fidla, picha alizochora Mjomba, na mimi nikishona viatu kwa nyundo ya Alwyn chini ya jina la Alwyn. Watu walianza kuegesha magari na kutembea. Wageni kutoka miji ya pwani wakaja kupiga picha.

Kisha ikaja notisi, kumi na moja kwa mkupuo. Kampuni ya Sydney ilisikia kuwa Mtaa wa Albert una uhai, ikataka kununua. Siku thelathini zilikuwa ziishe Jumapili. Garth alipita mwenyewe dukani kwangu, anatabasamu.

"Wageni wangu wanafika Jumatatu saa nne asubuhi. Nawaombeni mkae mpaka saa sita, wauone mtaa umechangamka. Kisha mnaweza kutoka."

Hebu fikiria! Anatufukuza, na anataka tumchezee ngoma ya harusi.

"Usijali, Garth," nikamwambia. "Tutakurudishia kila kitu sawasawa na fomu."

"Hapo ndipo ninapokupendea, Noreen."

Jioni ile niliwaita wenzangu kwenye sinema ya Despina, nikaziweka mezani fomu zote na picha zake. Mjomba Merv ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kutikisika mabega.

"Magunia bado yapo?"

"Yote."

"Jamani," Despina akasema, "ukimwaga ugali, mwenzio anamwaga mboga. Hamieni humu kwangu, viti nimeshaving'oa."

Jumapili walikuja watu zaidi ya mia, soseji zikichomwa kwenye kona ileile. Tulivuka barabara na vitu vyetu, tukarudi na vyake. Mbao tulizipigilia kwenye matundu yaleyale ya misumari. Magazeti tuliyabandika kwa tarehe, mmoja ameshika picha, mwingine ameshika gundi. Taa zetu, maua yetu, vibao vyetu, hakikubaki kitu. Magunia ya Mjomba tuliyamwaga mwisho, kwa kipimo. Tulicheka siku nzima, na kicheko chetu hakikuwa kizuri.

Kilibaki kitu kimoja. Picha ya namba kumi na nne, ukurasa wa nne, inaonyesha ukuta wa kijivu. Wenzangu walijua, wakaniachia. Nilisema nitaumaliza mwenyewe asubuhi.

Jumatatu saa mbili unusu nilikuwa pale na kopo na brashi. Nilianza kutoka mwisho wa jina. Nimefika kwenye P ya Pascoe, gari la Garth likasimama katikati ya barabara na mlango wazi.

"Mmefanya nini? Mmefanya nini, nyie vichaa?"

"Tumerudisha."

Alitazama juu na chini mtaa mzima. Njiwa wawili walikuwa wameshaketi. Kisha akaona brashi yangu, na sauti yake ikalainika.

"Noreen, sikiliza. Lile jina acha. Namba kumi na nne chukua, nitaitoa kwenye mauzo, nitakuandikia leo, ukae na jina la mumeo mpaka ufe. Waite tu wale watu wako warudi, saa moja tu. Noreen, tafadhali."

Ningesema sikutamani ningekuwa mwongo. Nilitamani hadi nikashusha brashi. Kisha nikamkumbuka Alwyn barabarani na nyundo yake, na huyu hakumwambia hata tafadhali.

Nikachovya brashi. Nikapaka P. Nikapaka Alwyn, herufi kwa herufi, polepole, nikihakikisha Garth anaona.

"Umemfuta mumeo kwa mkono wako mwenyewe," akasema. "Umepata nini?"

"Weka sahihi." Nikamkabidhi fomu, ukurasa wa nne. "Kwamba umepokea kama ulivyotukabidhi."

Gari jeusi lilikuwa limekata kona, wageni wametangulia saa yao. Lilipita mbele yetu taratibu, halikusimama. Garth alilitazama hadi likapotea, kisha, kama mtu wa usingizini, akaegemea ukuta kwa kiganja na kusaini.

Alipoondoa mkono, kiganja kilikuwa cha kijivu, na pale ukutani A ya bluu ilikuwa imetokea.

"Subiri, hapo pamebaki," nikamwambia, nikachukua brashi, nikapaka tena.