Kuiombea Israeli

...na kipaza sauti kimeshafika mkononi mwangu, Mchungaji Elick ameshatangaza, "Mwalimu Ernesta atatuongoza kuiombea Israeli, adui zake wateketee, unabii utimie," na kanisa zima limesimama, limefumba macho, linaningoja mimi, mimi niliyewafundisha Ezekieli thelathini na nane hapa Biharamulo miaka kumi na tisa, Gogu ni nani, Magogu ni wapi, nani atakufa na kwa nini hana budi kufa, na jana kwenye simu ya binti yangu nilimwona mama wa Gaza amepakata mtoto, mtoto mweupe kwa vumbi, nikamwambia Kezia zima hiyo, imeandikwa... imeandikwa, hivyo hivyo alisema baba kule Lukole, nina miaka kumi na mmoja, baba mwinjilisti anakwenda kambini kuwahubiria wakimbizi wa Burundi, mimi nimembebea Biblia na kidumu cha maji yetu ya njiani, na yule mwanamke kando ya barabara, akajitaja jina kama vile tunafahamiana, "Mimi Ildefonsa, baba, amazi, maji kidogo tu ya mtoto," na baba akanivuta mkono, "Twende, tumechelewa, vita na matetesi ya vita, imeandikwa hayo hayana budi kutukia"... "Mwalimu, tunasubiri," Mchungaji ananong'ona... lakini mtoto alikuwa hai, baba, alinitazama, na kidumu kilikuwa kimejaa, nacho kilikuwa begani kwangu mimi, si kwako, jioni tunarudi bado amempakata, ila sasa amemfunika uso, nawe ukafungua Biblia ukamsomea, ukamsomea!, na mimi nikakua nikawa msomaji kama wewe, hodari kuliko wewe, nikawafundisha watu wazima kupita bila kugeuka... Frida wa kwaya anakohoa, wanadhani Roho ameniteremkia, nikiwaombea na hao wa Gaza pamoja na mama wa Israeli waliofiwa, wote, kwa pumzi moja, jioni hii wazee watakaa, wataninyang'anya ualimu, wataniita msaliti wa taifa teule, mume wangu atashindwa kunitazama, basi na iwe, wanyang'anye, sitasoma tena hukumu juu ya kichwa cha mtoto, sitaki, nafungua mdomo, midomo imekauka, "Ee Bwana," nasema, na kabla sijaongeza neno kanisa zima linapaza sauti, amina.